Meza iliyoinama ya Ernie Kovacs

Kwa wiki kadhaa sasa meza ya sebuleni kwetu, hapa Walukuba mjini Jinja, imeinama upande mmoja. Miguu yake miwili ya kushoto imepanda juu ya matofali na ile ya kulia imebaki sakafuni, na kila mgeni anayeingia huuliza kama fundi yuko njiani. Jibu ninalowapa huwa refu, kwa sababu linaanzia kwa mtu aliyezaliwa tarehe 23 Januari 1919 mjini Trenton, katika jimbo la New Jersey huko Marekani, kwenye familia yenye asili ya Hungaria. Mtu huyo aliitwa Ernie Kovacs, naye, kwa maoni yangu, ndiye mchekeshaji wa kwanza aliyetambua kwamba televisheni ni chombo chenye ucheshi wake chenyewe.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri picha za video: harusi, kwanjula (sherehe ya kuwatambulisha wachumba kwa wazazi), mahafali na mazishi. Nilikutana na Kovacs nikiwa natafuta jambo lingine, nikitaka kujua wahariri wa zamani waliunganishaje picha kabla ya kuwapo kompyuta. Katika kutafuta huko ikaja mbele yangu filamu fupi isiyo ya rangi. Mtu mmoja mpole, mwenye haya kidogo, naye ni Kovacs mwenyewe, ameketi mezani na kufungua chakula chake cha mchana. Anatoa zeituni na kuiweka mezani, nayo inabingirika hadi ukingo wa pili na kuanguka. Anatoa nyingine, nayo inafuata ileile njia. Hatimaye anachukua themosi na kumimina maziwa, lakini maziwa hayashuki kikombeni. Yanakwenda kando, hewani, kama kwamba dunia inayavuta kutoka ukutani. Wakati wote huo meza inaonekana imenyooka, ukuta umenyooka, na yule bwana ameketi wima kabisa, akiyatazama maziwa kwa masikitiko ya mtu aliyekwisha kuzoea kuonewa.

Niliirudia mara nyingi usiku ule. Kila ninayemwonyesha hudhani kwamba kuna hila ya kompyuta, na mimi mwenyewe nilifikiri hivyo kwa sekunde chache kabla ya kukumbuka kwamba mwaka unaohusika ni 1961, na kwamba mchezo wenyewe ulikuwa umekwisha kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1957, tena katika matangazo ya moja kwa moja. Hila ni rahisi kiasi cha kumtia mtu wivu. Chumba chote kilijengwa kwa kuinama, meza na kiti na ukuta pamoja, kisha kamera nayo ikainamishwa kwa kiasi kilekile. Kamera na chumba vilipoinama pamoja, mtazamaji nyumbani aliona chumba kilichonyooka. Vitu viwili tu vilikataa kushiriki katika uongo huo, navyo ni zeituni na maziwa, kwa kuwa hivyo vilitii ardhi peke yake.

Fikiria sasa mtu aliyekuwa ndani ya studio siku ile. Aliona nini? Aliona chumba kilichopinda, mtu anayejitahidi asiteleze kutoka kwenye kiti, na maziwa yanayoshuka chini kama maziwa yote ya dunia hii. Hapakuwa na jambo lolote la kuchekesha. Kichekesho kilikuwa kwenye kioo cha televisheni tu na hakikuwapo mahali pengine popote. Hilo ndilo jambo linalonifanya nimheshimu mtu huyu kuliko wachekeshaji wenzake wa wakati ule, ambao wengi wao walikuwa hodari kweli.

Televisheni ya Marekani ilipoanza kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilichukua wachekeshaji wake kutoka majukwaani na redioni. Milton Berle, aliyekuwa nyota mkubwa kuliko wote kuanzia mwaka 1948, alileta mbele ya kamera ufundi alioupata katika miaka mingi ya kusimama mbele ya watu kwenye kumbi: mavazi ya ajabu, sauti kubwa, kuanguka, kuwachokoza waliokaa mbele. Kamera ilikuwa kama mtazamaji mmoja zaidi aliyepewa kiti kizuri. Hata leo vichekesho vingi tunavyovitazama hapa kwetu vinafanywa vivyo hivyo. Mchekeshaji anasimama ukumbini Kampala, anazungumza, watu wanacheka, na sisi wa nyumbani tunasikia wenzetu wakicheka. Sina ubaya na mtindo huo, maana nimeupigia picha mara nyingi na umenilisha. Lakini Kovacs alipenda kufanya kazi bila watazamaji studioni, na hakupenda kicheko kilichorekodiwa kikabandikwa juu ya picha, kwa sababu watu walioketi studioni hawakuwa mahali ambapo mchezo wake ulikuwa ukitokea.

Alijifunza mambo haya katika umaskini wa vifaa, na kwa mpiga picha wa Uganda hapo ndipo hadithi yake inapokuwa ya karibu sana. Baada ya miaka ya utangazaji wa redio mjini Trenton na kuandika makala katika gazeti la mji huohuo, aliingia mwaka 1950 katika stesheni ya WPTZ ya Philadelphia. Akapewa vipindi ambavyo stesheni ilihitaji kujazia muda, kimojawapo kikiwa cha mapishi, na mwishoni mwa mwaka huo akaanza kipindi cha asubuhi kilichoitwa Three to Get Ready. Wakati huo wakubwa wa televisheni hawakuamini kwamba kuna mtu atakayewasha seti yake asubuhi. Watu waliwasha, na mwaka 1952 mtandao wa stesheni wa NBC ukaanzisha kipindi chake cha asubuhi cha nchi nzima, Today, ambacho bado kipo.

Fedha hazikuwapo, basi akatumia vilivyopo. Alichukua kopo la supu, likakatwa pande zote mbili na kutiwa vioo vya kujitazamia kwa kuinamishwa, likawekwa mbele ya lenzi. Likizungushwa, mtangazaji alionekana amesimama darini kichwa chini. Alichukua lile bomba la kuchezea watoto lenye vioo vidogo ndani, linalotoa maua ya rangi ukiligeuza, akaliweka mbele ya kamera, na sura ya mtu ikagawanyika vipande vingi. Ninapowasikia vijana wanaoanza kazi hii wakisema kwamba hawawezi kufanya lolote mpaka wapate kamera ya mamilioni ya shilingi, huwaonyesha kwanza lile kopo.

Nafasi yake kubwa aliipata kwa sababu ya mabaki. NBC ilikuwa imempa mchekeshaji Jerry Lewis dakika 90 usiku wa tarehe 19 Januari 1957, mara tu baada ya yeye na mwenzake Dean Martin kuachana. Lewis akasema anataka dakika 60 tu. Zikabaki dakika 30 zilizokosa mwenyewe, kwani nani angependa kupanda jukwaani mara baada ya nyota anayengojwa na nchi nzima? Kovacs alizichukua, akazijaza kwa mchezo usio na mazungumzo, wa mtu aitwaye Eugene ambaye vitu vyote vinavyomzunguka vinakataa kutii. Anafungua kitabu na kutoka humo inasikika sauti ya mtu akikohoa. Anaketi kula, na zeituni zinamkimbia. Asubuhi yake watu walikuwa wakimzungumzia yeye.

Hapa nina jambo la kusema kama mtu aliyelelewa na vibanda vya video. Wasomaji wa Uganda wanajua ninachokizungumzia: ukumbi wa mabati, mabenchi, ada ndogo mlangoni, na yule mfasiri tunayemwita viijei, aliyeshika kipaza sauti akitusimulia kwa Kiganda filamu ya Hong Kong au ya India, akiongeza utani wake, akimbatiza mwuaji jina la mtaani kwetu. Bila yeye tusingeelewa, na nusu ya furaha ya ukumbi ilikuwa yake. Nilipomtazama Eugene nilijiuliza viijei mzuri kuliko wote angefanya nini hapo, nikaona kwamba angeweka kipaza sauti chini na kutazama pamoja nasi. Ndiyo maana mchezo uliotengenezwa Marekani zaidi ya miaka 60 iliyopita umefika Walukuba ukiwa mzima, haujapungukiwa na kitu, katika mtaa ambao kwenye ukuta mmoja wa nyumba za wafanyakazi unasikia Kisoga, upande wa pili Kiluo, na uani Kiswahili kinachowaunganisha wote.

Mwaka 1961 mtandao wa ABC ulimpa vipindi maalumu vya nusu saa, kimoja kwa mwezi, vikidhaminiwa na kampuni ya siga, yaani sigara nene, za Dutch Masters, jambo lililomfaa mtu ambaye alionekana karibu siku zote na siga mkononi. Hivyo ndivyo vipindi ninavyovithamini zaidi. Kwa wakati huo mkanda wa video ulikuwa kitu kipya, kwa kuwa mashine ya kwanza ya kampuni ya Ampex iliyofaa kazi ya stesheni ilitolewa mwaka 1956. Wengine waliuona mkanda kama ghala la kutunzia kipindi mpaka saa yake ifike. Kovacs aliuona kama mahali pa kutengenezea mchezo. Alipanga vichekesho vya sekunde chache, akavikata na kuvifuatanisha kwa mdundo wa muziki. Mwuza magari anapiga boneti ya gari kwa kiganja ili kuonyesha uimara wake, na gari zima linatumbukia sakafuni. Mwanamke anaoga katika beseni lililojaa povu, na kutoka ndani ya povu wanaibuka watu ambao beseni lile haliwezi kuwabeba. Katika kipande kingine ofisi haina mtu hata mmoja, lakini droo za meza, simu, taipureta na kabati vinafunguka, vinafungika na kutikisika kwa kufuata muziki, kila kimoja kama mpigaji wa bendi anayeijua zamu yake.

Ninataka msomaji aelewe ugumu wa jambo hilo. Leo nikitaka kukata picha ili iangukie kwenye pigo la ngoma, ninasogeza kidole, ninasikiliza, na nikikosea ninarudi nyuma. Mkanda wa wakati ule ulikuwa na upana wa inchi mbili, na picha haikuonekana juu yake kwa macho, tofauti na filamu ya sinema. Mhariri alipaka mkandani maji yenye vumbi laini la chuma ili alama za sumaku zijitokeze, akazitafuta kwa hadubini, akakata kwa wembe, akaunganisha kwa gundi ya utepe. Akikosea, picha inaruka kwenye kioo. Kisha fikiria kazi hiyo ikifanywa kwa vichekesho kadhaa ndani ya nusu saa moja, kila kimoja kikiwa cha sekunde kumi au kumi na tano. Nimehariri usiku kucha kwa ajili ya maharusi wenye haraka, lakini sijapata kufanya kazi ya namna hiyo, na ninawavulia kofia yeye na mafundi wake. Chama cha waongozaji wa filamu na televisheni wa Marekani kilimpa tuzo yeye na mwenzake Joe Behar kwa kumrudisha Eugene mwaka huo wa 1961.

Kuna mchezo wake mmoja ambao mtu wa Afrika Mashariki hawezi kuupita kimya, nao ni ule wa watatu walioitwa Nairobi Trio. Ulianza katikati ya miaka ya 1950 na ukawa maarufu kuliko michezo yake mingine. Watu watatu wamevaa mavazi ya gorila, makoti marefu na kofia ngumu za mviringo, wakipiga muziki kwa mwendo wa vikaragosi vya saa. Mmoja ameketi kwenye piano. Huyo mara nyingi alikuwa mke wake, mwimbaji Edie Adams. Wa katikati, mwenye siga, ni Kovacs. Wa tatu ameshika virungu viwili vya ngoma, na wimbo ukifika mahali fulani anageuka na kumpiga kiongozi wake kichwani kwa kufuata mdundo. Kiongozi anaanza kushuku. Anamvizia. Anageuka mapema, na yule mwingine ametulia kama mtakatifu. Anapoacha kutazama, virungu vinashuka.

Jina hilo lilinichoma mara ya kwanza nilipolisikia, na bado linanichoma. Nairobi ni mji ambao wajomba zangu walifanya kazi, mji wa watu, na katika miaka ileile ambayo Wamarekani walicheka kwa jina lake, mji wenyewe ulikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mwezi Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliuzingira na kuwakamata maelfu ya wakazi wake na kuwapeleka vizuizini. Tena gorila hawaishi porini popote nchini Kenya. Gorila wa milimani wako kwetu, Bwindi na Mgahinga, na ng'ambo ya mpaka katika Rwanda na Kongo, nao wote kwa jumla wamezidi kidogo tu 1,000. Kuyaunganisha manyani na jina la mji wa Waafrika ulikuwa uzembe wa wakati wake, na mtu anayempenda msanii hana budi kuuona uzembe huo na kuutaja. Nikiisha kuutaja, bado ninasema kwamba sijaona mchezo unaotumia muda kwa ustadi kuliko huu. Nyuso zimefunikwa, hakuna neno, hakuna hila ya kamera. Kilichobaki ni swali moja tu, pigo litashuka lini, na kila mara linashuka sekunde ileile uliyoitazamia huku likikushtua. Ningependa mno auite jina lingine.

Kovacs alifariki usiku wa kuamkia tarehe 13 Januari 1962 mjini Los Angeles, gari lake lilipogonga nguzo kwenye barabara iliyolowa mvua. Zilibaki siku kumi atimize miaka 43. Kipindi chake cha mwisho kilitangazwa baada ya kifo chake, na mwaka huohuo vipindi vya ABC vikapata tuzo ya Emmy, ile tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya kazi bora ya kamera za elektroniki. Ninaipenda sana tuzo hiyo, kwa sababu inamsifu mchekeshaji kwa kazi ya kamera. Uganda ilipata uhuru Oktoba mwaka huo, na televisheni yetu ya kwanza, UTV, ikaanza mwaka 1963. Mtu aliyeonyesha kioo hiki kinaweza kufanya nini alikwisha kuzikwa kabla nchi yetu haijakiwasha.

Aliacha deni kubwa la kodi. Edie Adams alikataa rafiki zao wasimchangie, akafanya kazi kwa miaka mingi mpaka akalimaliza. Alifanya na jambo la pili, ambalo sisi tunaotazama leo tunapaswa kumshukuru kwalo. Mkanda wa video ulikuwa ghali, na stesheni zilikuwa na desturi ya kufuta kipindi cha zamani ili kurekodi kipya juu yake. Alipoona kazi za mumewe zikipotea hivyo, alianza kununua mikanda na nakala zote alizoweza kuzipata, akazitunza hadi alipofariki mwaka 2008. Sehemu kubwa ya kazi za mwanzoni imepotea moja kwa moja. Nyingi kati ya tulizonazo zipo kwa sababu mjane mmoja alitoa fedha zake mfukoni.

Anayefanya kazi hii Uganda hawezi kuisoma habari hiyo kama habari za mbali. Filamu ya Isaac Nabwana wa Wakaliga mjini Kampala, Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, imetazamwa duniani kote, lakini nakala yake asilia haipo tena. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya viijei aitwaye VJ Emmie. Mimi mwenyewe nimewahi kufuta harusi za watu ili nipate nafasi ya harusi nyingine kwenye diski, nikijiambia kwamba wenyewe wamekwisha pewa nakala yao. Tangu nilipojua alichokifanya Edie Adams nimeacha, nami sasa ninanunua diski kabla ya kununua taa.

Sasa nirudi kwenye meza. Niliamua kuitengeneza mwenyewe, nikiwa na matofali mawili, pimamaji ya kuazima kwa fundi seremala jirani, simu yangu juu ya kigingi, na themosi ya maziwa. Nilidhani ingechukua saa moja. Ilichukua Jumamosi nzima. Niliinamisha meza na simu kwa nyuzi zilezile, na kwenye kioo ikanyooka vizuri, lakini balbu inayoning'inia darini ilinisaliti, kwani waya wake ulionekana umelala upande. Nikaiondoa kwenye picha. Pazia nalo likasaliti, likaondoka. Mpwa wangu aliyeketi mezani alikuwa akijishika ukingo asiteleze, na bega lake likasema kweli yote. Hapo ndipo nilipomwelewa Kovacs kwa mwili, maana katika mchezo wake hakuna kitu kimoja kinachoning'inia, na yeye mwenyewe anakaa kwenye mteremko ule kwa utulivu wa mtu aliye kitini pake kanisani.

Mama alitoka jikoni akakuta meza imepinda, maziwa sakafuni, na mjukuu wake ameng'ang'ania kiti. Hakucheka. Aliuliza maziwa yale ni ya nani. Nikamwomba asogee nyuma ya simu atazame kioo, na mpwa wangu akamimina tena. Mama alitazama maziwa yakienda kando, akainua macho kuitazama meza, akarudi kwenye kioo, akatazama meza tena. Kisha akacheka mpaka akaketi chini, akisema, "Hebu rudia, mwanangu, rudia." Tulirudia mpaka maziwa yakaisha, tukaendelea kwa maji.

Matofali hayajaondoka hadi leo. Mama amesema yasiguswe mpaka dada yake aje kutoka Tororo, naye aone.